Umio wa Dirishani

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi, na msinitafutie mwenzangu wa kugawana naye. Mtu mzima, mwenye mjukuu, nilitoroka hospitali Jumamosi alfajiri wakati Jumatatu natakiwa kupasuliwa. Nilivaa suruali yangu, viatu bila soksi, na koti juu ya gauni la wagonjwa, lile la kufungwa kwa vikamba mgongoni. Mlinzi wa getini alinitazama kwa mashaka. Nikamsalimia kwa sauti ya mtu mwenye cheo, nikamuuliza kwa nini taa ya nje haiwaki. Akaomba radhi, akanifungulia. Nikapanda basi la kurudi kwetu huku nikijipongeza kwamba bado nimo.

Kabla hujanicheka, unijue kwanza. Mimi ni kinyozi. Wateja wananiita Redio, kwa sababu nikishafungua duka sizimiki mpaka nifunge. Ukikaa kwenye kiti changu unapata habari za dunia, matangazo ya vifo na mpira. Kunyolewa ni nyongeza. Watu wanadhani ni kipaji. Ukweli ni kwamba nyumbani sina wa kuongea naye. Mke wangu alitangulia mbele ya haki, binti yangu wa pekee ameolewa mbali, na jioni nikifungua mlango nyumba inaninyamazia kama mtu aliyenuna. Kwa hiyo maneno yote nayamaliza dukani, ili nikifika nisiwe na cha kusema.

Ugonjwa ulianza kama mzaha. Kipande cha nyama kilikwama kifuani, nikakisukuma kwa maji. Baadaye mkate nao ukaanza ukaidi. Baadaye kiazi kilichopondwa. Suruali zikaanza kunikimbia kiunoni, na wateja hawana huruma.

"Redio, umekonda, umepata mchumba nini?"

"Nimempata. Ananipikia hewa."

Wakacheka, nami nikacheka, kisha nikaenda nyuma ya pazia kutema mate ambayo hayakuwa yanapita.

Aliyenikamata ni mteja wangu mmoja, daktari mpasuaji wa hospitali yetu ya hapa mjini. Tunamwita Upara, na si kwa kumsingizia: kichwa chake kinang'aa hata ukikosa kioo unaweza kujitazamia. Nywele hana, lakini dukani anakuja. Anakaa kitini, ananiambia "nipunguzie kidogo," mimi napitisha taulo la moto kwenye ule uwanja, na yeye anafumba macho. Siku nyingine hasemi neno hata moja. Nilikuwa najua tu kwamba siku hizo kazini kulikuwa kubaya, basi nazungumza kwa niaba ya wawili.

Alinisikia nikikohoa nyuma ya pazia. Akanipeleka hospitalini, akaniteremshia mpira wenye kamera kooni, na baadaye akanikalisha chini. Nikajua habari si nzuri, maana aliniita jina langu la kuzaliwa.

"Ni saratani. Imekaa kwenye umio, hiyo njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Haijasambaa. Ukipata dawa za dripu kwanza, kisha ikakatwa, una nafasi nzuri."

"Basi kata. Nafasi yako lini?"

"Mimi sikati."

"Unasemaje?"

"Utakwenda hospitali kuu. Wale wanakata umio kila wiki. Mimi sijaushika muda mrefu, na sitaki kuanza tena na wewe."

Nilisikia, lakini masikio ya mtu mwenye hofu yana sehemu yake ya kuchuja. Nililolisikia mimi ni kwamba rafiki yangu amenikimbia. Hospitali kuu ni safari ya kutwa nzima kwa basi, katika mji ambao sina shangazi, sina mjomba, sina hata mtu wa kunidai.

Dukani kesi ikasikilizwa upya. Karani mmoja mstaafu, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu nimjue, akatoa hukumu: "Hapa ukilazwa tutakuja kwa zamu. Kule nani atakuuliza umelalaje? Mgonjwa ni watu, bwana." Wote wakaitikia. Binti yangu naye alikuwa upande wa Upara.

"Baba, nenda. Nimemuuliza daktari kila kitu. Nenda."

"Utakuja?"

Nikasikia mtoto analia nyuma yake.

"Huyu bado mchanga, Baba, na baba yake yuko safarini. Nitakupigia kila siku."

"Simu haishiki mtu mkono, mama."

"Najua, Baba."

Nilikwenda, basi. Dawa za dripu zikapita, nywele zangu zikaniaga, mimi kinyozi nikawa kama Upara. Halafu nikaitwa kulazwa ili nipasuliwe.

Wodi yenyewe ilikuwa ndefu, ina dari ya juu na madirisha yanayotazama ukuta. Vitanda vyote ni vya ugonjwa mmoja. Kila mtu katoka upande wake, na chini ya kila kitanda kuna begi moja la mtu aliyefungasha akiwa hajui atakaa kiasi gani. Watu wasiomeza vizuri hawaongei sana, na waliotoka kupasuliwa wanaongea kwa macho. Ndani ya ukimya huo waliniweka mimi, Redio.

Nilijaribu. Siku ya kwanza alipita daktari wao mkuu, mama mfupi anayetembea kama basi linamwacha. Akanisomea picha zangu, akanibonyeza, akasema, "Tunafanya hizi kila wiki, utakuwa sawa." Nikamwambia, "Daktari, hata mimi ni mtu wa kushika wembe, sasa nikuulize kama fundi mwenzangu..." Alikuwa keshafika kitanda cha tatu. Mzaha nikaumalizia kwa mto.

Wauguzi nao hawakuwa wabaya. Ndiyo kero yenyewe: hukuwa na wa kumchukia. Wanakuja, wanakupa kidude cha plastiki chenye vigololi vitatu, unavuta pumzi kwa nguvu mpaka vigololi vipande juu. Wanakuinulia kichwa cha kitanda. Wanakutembeza kwenye korido, kwenda na kurudi, ili mapafu yazoee kabla ya kisu. Hawakuniuliza kama naogopa. Waliuliza kama nimetembea. Na walipoulizana wenyewe kwa wenyewe walisema hivi: "Umio wa dirishani keshatembea?" Huyo ndiye mimi. Mimi ambaye kwetu nikipita sokoni nachelewa kwa salamu, huku nilikuwa kiungo kimoja na samani.

Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa mbaya kuliko sindano. Mlango unafunguliwa, wanaingia wachache, kila mtu anawatazama mikononi, kisha usoni, kisha anageukia ukutani. Siku moja mama mmoja alinijia moja kwa moja, ana chupa ya maziwa na kanga begani. Moyo ukaruka. Alipofika karibu akasita.

"Samahani, baba. Nilidhani kaka yangu yuko kitanda hiki."

"Alikuwepo huyo. Kahamishiwa wodi ya mbele, ya wanaokaribia kwenda nyumbani."

"Asante, baba. Ugua pole."

"Kaa tu kidogo," nikamwambia. "Miguu ipumzike."

Akakaa. Sijui aliona nini usoni kwangu, lakini alikaa. Nikamwambia kuhusu mteja wangu aliyelala kitini, akaota anaanguka, akainuka na nusu ya ndevu, akaondoka nayo kwenda kuposa. Akacheka akiwa ameziba mdomo. Kisha akatazama saa ya ukutani, akainuka, akaenda kwa kaka yake. Joto la pale alipokaa lilibaki kwenye shuka, nikaweka mkono mpaka likaisha.

Wodi nzima nilipata mcheshi mmoja tu, kitanda cha jirani: mshona nguo, mzee mwembamba aliyetoka kupasuliwa, ana mpira ubavuni unaotoa maji ya kifuani kwenda kwenye chupa sakafuni. Nilimwita Fundi.

"Fundi, vipi, wamekushona vizuri?"

"Mshono wa ndani sijauona. Huu wa nje, mteja wangu angenirudishia."

Akacheka, akakumbatia mto ubavuni kwa maumivu, akaniomba nisimchekeshe, na nilipoacha akasema, "Mbona umenyamaza?" Nikajua hapa nina mtu. Kwa siku chache nilikuwa na duka langu tena, la kiti kimoja.

Ijumaa mchana Sista Mkuu alikuwa anapita na shuka mikononi. Mama mnene, viatu vyake havina sauti. Unamwona tu yuko hapo. Alimpita Fundi, akasimama, akarudi. Shuka akazibwaga kitandani kwangu bila hodi. Akashika kifundo cha mkono wa Fundi. Akainama, akaitazama ile chupa.

"Mzee, unajisikiaje?"

"Niko sawa, Sista. Nimechoka tu kidogo."

"Hauko sawa."

Hakupiga kelele. Alimwambia mwenzake neno moja, na kabla sijakaa vizuri watu walikuwa wamejaa: daktari mfupi, kijana wa vipimo, wengine siwajui. Hakuna aliyemuuliza mwenzake afanye nini. Mmoja akapiga teke breki za magurudumu, kitanda kikaondoka na Fundi juu yake, kichwa kimegeukia kwangu, macho yanataka kusema kitu. Ikabaki sakafu tupu.

Jioni akaja mhudumu na mfuko. Akaweka ndani ndala za Fundi, miwani yake, na ile tepu ya kupimia nguo aliyokuwa anaizungusha vidoleni akikosa usingizi.

"Amekwenda wapi?" nikauliza.

"Pumzika, mzee. Jumatatu ni zamu yako."

Niambie wewe ungelala. Mimi nililala macho wazi, nikipiga hesabu zangu za kinyozi. Mtu anacheka asubuhi, mchana anaambiwa hauko sawa, jioni ndala ziko mfukoni. Hawa wanakata kila wiki, nikajisemea, kwa hiyo wanazika kila wiki, wamezoea, hata machozi hawana. Kama ni kufa, nikafie kwa watu wanaonijua. Upara atalia, hata kama hana nywele za kung'oa. Nikazima simu ili binti yangu asinikute njiani, nikatoka. Yule mlinzi nimeshakusimulia.

Nilifika kwetu jua limeanza kupoa. Sikupitia dukani wala nyumbani, nilikwenda moja kwa moja kwenye hospitali yetu, na ilikuwa kama nilivyoota. Mama wa mapokezi akapiga kigelegele: "Redio! Umepona?" Mfagizi akaacha ufagio. Mtu wa maabara akanishika bega, akauliza kichwa kimepatwa na nini, nikamwambia nimeingia chama cha Upara. Kwenye ile korido fupi nilisikia jina langu kuliko muda wote niliokaa kule. Karibu nilie. Kitanda kimoja hapa, nikawaza, na saa ya wageni mlango hautafungika.

Upara alikuwa ofisini, kikombe cha chai mbele yake kimeota utando. Hakuinuka.

"Wamenipigia tangu asubuhi," alisema. "Sista alikuja na vigololi vyako, akakuta kitanda kimepoa. Binti yako amelia kwenye simu yangu mpaka mtoto naye akaanza. Vua koti."

Nikavua. Akaliona gauni, akafumba macho kidogo.

"Umesafiri hivi?"

"Linapitisha upepo vizuri."

"Redio, sicheki."

"Basi sikiliza." Nikamsimulia habari za Fundi mwanzo mwisho, ndala na tepu vikiwemo. "Wamemuua, Upara. Mtu alikuwa mzima, anacheka. Ndiyo huko ulikonituma."

Aliniacha nimalize. Kisha akachukua simu, akapiga, akaiweka mezani sauti ikiwa juu. Sauti ya Sista Mkuu ikajaa chumbani.

"Umemuona?"

"Ninaye hapa. Anauliza habari za mshona nguo."

"Yuko uangalizi maalumu. Mshono wa ndani ulikuwa umeanza kuvuja. Tumemrudisha, tumesafisha, tumeziba. Asubuhi kaomba miwani, na kauliza yule mropokaji wa dirishani kaenda wapi. Daktari, kitanda nakishikilia mpaka kesho jioni. Baada ya hapo kuna mtu anakisubiri." Akakata. Hata kunitukana hakuwa na nafasi.

Nilikaa. Furaha na aibu vilinijia pamoja, sijui nianze na kipi.

"Umesikia?" Upara akasema. "Mgonjwa anasema yuko sawa, na yule mama amebeba shuka anaona kwamba hayuko sawa. Kaona mapigo, kaona rangi ya maji kwenye chupa. Ingekuwa hapa, Fundi wako angeambiwa ana homa. Tungempa dawa ya homa, na kesho yake tungempa nyingine kali zaidi. Si kwa ubaya. Wauguzi wangu ni wazuri, nakuapia. Lakini jambo hili hawajaliona mara za kutosha kulitambua likiwa bado dogo. Kisu ni nusu ya kazi, Redio. Nusu nyingine ni siku zinazofuata, na nani anakutazama."

"Basi mwazime Sista aje hapa."

"Nimwazime na daktari wake wa usingizi? Na chumba cha uangalizi? Na wale wote waliojua la kufanya bila kuulizana?"

Mzaha ukaniishia, na mimi mzaha ukiniishia hutoka yale niliyoyaficha.

"Upara, sikatai kwamba wanajua. Lakini hujakaa kule. Unaamka, hakuna. Unalala, hakuna. Kuna mama alikosea kitanda, nikamwomba akae, nilimng'ang'ania kama mtoto. Mimi na upweke tunajuana, nimekaa naye nyumba moja tangu mke wangu afe, lakini mchana nilikuwa namkimbia kwenda dukani. Kule hakuna pa kumkimbilia. Nikifa mezani kwao, watafuta meza, wataita mwingine. Nikipona, watafuta meza, wataita mwingine. Ni sawasawa tu. Jina langu hawalijui!"

Nje mtu alikuwa anauliza kwa sauti kama ni kweli Redio karudi.

"Hapa ningekuwa mtu," nikaendelea, nimeshaona ushindi, maana alikuwa ameinamisha kile kichwa chake. "Wewe ungekuja asubuhi, ungeniita. Hata likitokea la kutokea, wewe usingenisahau. Au ungenisahau?"

Upara akakisogeza kikombe pembeni, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Nisingekusahau," akasema. "Kila niliyempasua umio namkumbuka: jina lake, kazi yake, na mtaa anaokaa mjane wake. Kesho panda basi la kwanza, Redio, nenda kwa watu ambao waliopona mikononi mwao ni wengi hata hawawakumbuki."